Anayetaja Bei Anasimama

Jumatatu, 6 Januari

Aiskrimu imeingizwa kwenye orodha ya bidhaa zisizo za lazima, na maduka yanayoiuza hayatapata umeme kuanzia saa sita mchana hadi saa kumi na mbili jioni kila siku, alisema leo Afisa Biashara wa baraza la mji. Alisema hivyo mbele ya waandishi saba. Mkononi alikuwa na gazeti letu la Jumamosi, ukurasa wa tatu, na aya aliyoisoma kwa sauti ilikuwa yangu: "Ijumaa, kati ya saa tisa na saa kumi alasiri, watu arobaini na mmoja walipanga foleni kwenye duka moja la aiskrimu, wiki ile ile ambayo unga ulipanda bei kwa mara ya tatu."

"Hesabu hii si yangu, ni ya gazeti," alisema. "Mji wenye watu arobaini na mmoja wa kulamba baridi kwa saa moja usiniambie umebanwa."

Niliandika maneno yake kama alivyoyatamka. Orodha ina bidhaa na huduma kumi. Tisa nilizitarajia: mabango ya taa, saluni za kucha, kumbi za muziki na nyingine za aina hiyo. Aiskrimu ni ya kumi. Aliongeza kwamba biashara iliyomo kwenye orodha haitaongezewa muda wa leseni.

Duka ni la mdogo wangu. Leseni yake inakwisha tarehe 31 Machi.

Mhariri alijua. Aliponituma nilimwambia duka ni la nani, akasema, "Basi simama mbali na usitaje jina." Nilisimama ng'ambo ya barabara, penye kivuli cha duka la matairi, nikahesabu vichwa. Jina sikulitaja.

Jioni nilikwenda kumwambia mwenyewe. Alikuwa amekwisha kusikia redioni. Alikuwa akiosha visu vya mashine, kimoja kimoja.

"Hujambo, dada," alisema. Kisha akaendelea kuosha.


Jumanne, 7 Januari

Mama, ninayeishi naye, amesoma orodha yote kwa miwani yangu. "Chai bila sukari nimekubali," alisema. "Nyama Jumapili peke yake nimekubali. Viatu vya mwaka juzi nimevipeleka kwa fundi mara mbili na sikulalamika. Hiki cha Ijumaa, koni yangu moja, sikitoi. Mwambie huyo bwana."

Nilimwambia mimi si tarishi wake.

"Tarishi wa huyo bwana ulikuwa Jumamosi," alisema.


Ijumaa, 10 Januari

Leo sikusimama ng'ambo. Niliingia ndani na daftari, nikakaa kwenye kreti karibu na mlango.

Ni chumba kimoja. Mashine imechukua nusu yake. Mdogo wangu alikuwa fundi wa mitambo ya ubaridi katika kiwanda cha maziwa kwa miaka kumi na tisa. Kiwanda kilipofungwa hakukuwa na kiinua mgongo, wakampa mashine aliyokuwa akiitengeneza. Mbele ya mashine kuna benchi la watu sita. Juu ya benchi, ukutani, kuna ubao alioandika kwa rangi nyekundu: ANAYETAJA BEI ANASIMAMA.

Sheria hiyo ilianza mwezi wa kwanza wa duka. Watu walikuwa wakikaa na kuanza habari za sokoni, na kabla hawajamaliza unga na mafuta ya taa, aiskrimu imeyeyuka hadi kwenye kiwiko. Akaona anatupa kazi yake bure. Tangu siku hiyo anayetaja bei ya kitu chochote anapoteza nafasi yake na kumalizia amesimama.

Mshonaji wa mtaa wa nyuma alikuwa ameketi katikati. "Jana nimekwenda kutafuta vitunguu," alisema, "hee, jamani, vime..."

"Simama," walimwambia watano kwa pamoja.

"Sijataja."

"Ulikuwa njiani. Simama, shoga."

Alisimama, akicheka kwa hasira. Mzee wa duka la saa akachukua nafasi yake kabla haijapoa.

Saa kumi na mbili jioni nilijumlisha. Umeme uliokatwa mchana ulimwachia cha kuuza kidogo tu, na foleni ilienda taratibu. Watu thelathini na wanane waliingia. Koni zilizotoka ni kumi na tano.

Nilirudia hesabu. Mama mmoja na watoto watatu: koni moja, vijiko vinne. Wafua nguo watatu kutoka kwa dobi: koni moja. Mshonaji na mumewe: koni moja, na mume alipewa ncha ya chini, ile yenye matone. Vijiko vya mti mdogo wangu anatoa kadiri unavyotaka, haulizi.

"Ijumaa ile niliyohesabu," nilimwuliza, "zilitoka ngapi?"

"Pakiti ina ishirini. Niliifungua saa tisa. Nilipofunga duka zilibaki tatu."

Watu arobaini na mmoja, koni kumi na saba. Kutoka kwenye duka la matairi vichwa vinaonekana vizuri. Vijiko havionekani.


Jumatatu, 13 Januari

Nimeomba sahihisho. Mhariri aliniuliza, "Watu walikuwa arobaini na mmoja au hawakuwa?"

"Walikuwa."

"Walipanga foleni au hawakupanga?"

"Walipanga."

"Basi tusahihishe nini?"

"Tumemfanya msomaji aamini kila mmoja alinunua yake."

"Aliyeamini ni msomaji. Sisi hatukuandika." Alinisogezea kikombe cha chai. "Bibie, sheria hii umenifundisha wewe."

Ni kweli. Nilimfundisha akiwa na miaka ishirini na mitatu, nikiwa nimekalia kiti anachokalia sasa.


Jumatano, 15 Januari

Joto nyuzi thelathini na sita. Umeme umekatwa saa sita kamili, kama jana na juzi. Ni huduma ya kwanza ya mji huu ninayoijua isiyochelewa.


Jumatatu, 20 Januari

Mdogo wangu ameanza kufungua saa kumi na mbili asubuhi na kufunga saa tano na nusu.

"Nani atakula aiskrimu asubuhi yote hiyo?" nilimwuliza.

"Anayeitaka."

"Watu wanataka chai."

"Chai wanayo nyumbani, dada."

Waliokuja ni wanne. Nilimwambia haitafika mwisho wa wiki.


Ijumaa, 24 Januari

Nilikosea. Saa kumi na mbili na nusu foleni ilikuwa imefika kwenye duka la matairi, ambalo lilikuwa bado limefungwa. Watu ishirini na tisa, koni kumi na mbili.

Mwalimu wa hesabu wa shule ya jirani alikuja na daftari la mahudhurio kwapani. Mshonaji alimtazama akilamba.

"Mwalimu, hata mswaki hujapiga?"

"Nimepiga. Ndiyo maana naisikia kuliko wewe."

Muuguzi aliyetoka zamu alikuwa ameegemea mlango, viatu mkononi. Mwalimu akamwonea huruma kwamba anakula baridi kabla jua halijapanda. "Wewe ndiye unayekula asubuhi," muuguzi alisema. "Kwangu mimi hii ni jioni. Sogea nikae."

Mwalimu ndiye aliyempa Afisa jina la Bwana Lazima. Limeshika. Mama alikaa mwisho wa benchi, koti limefungwa hadi shingoni, akala yake peke yake bila kijiko cha pili. Hagawani na mtu. Niliandika: mtu mmoja, koni moja.


Jumatatu, 3 Februari

Saa mbili asubuhi fundi wa shirika la umeme alifika na barua ya baraza. Barua inasema duka "linakwepa agizo kwa kubadili saa", kwa hiyo litakuwa bila umeme kutwa nzima. Alifungua kisanduku cha mita, akakata, akatia lakiri. Alifanya kazi safi. Alipomaliza aliomba samahani, na mdogo wangu, fundi kwa fundi, akamwambia skrubu ya juu imelegea. Akaikaza.

Mashineni kulikuwa na ndoo mbili na nusu. Ilipoyeyuka, mdogo wangu alitoa vikombe, akamimina. Hakuna aliyelamba, waliinywa kama uji. Mwalimu alisema ni tamu vilevile. Haikuwa tamu vilevile, na kila aliyekuwapo alijua.


Jumanne, 4 Februari

Duka limefungwa. Mama hakuuliza kitu. Afadhali angeuliza.


Ijumaa, 7 Februari

Limefungwa. Mama alivaa koti saa kumi na moja na nusu asubuhi, akakaa nalo sebuleni hadi saa tatu, akalivua.


Jumatatu, 10 Februari

Duka limefunguliwa. Mdogo wangu ametumia wiki nzima kutengeneza chombo kwa pipa la plastiki, ndoo ya chuma inayoingia ndani yake, na mkono wa kuzungushia uliokuwa kanyagio la baiskeli. Kati ya pipa na ndoo anajaza barafu na chumvi ya mawe. Chumvi, alinieleza kama anavyowaeleza watoto, inaifanya barafu iwe baridi zaidi kuliko ilivyokuwa peke yake, na maziwa yanaganda upende usipende. Sharti mkono usisimame kwa dakika arobaini.

Barafu inatoka kwa muuza samaki wa pembeni, ambaye hayumo kwenye orodha.

"Samaki ni lazima," muuza samaki aliniambia, nikaandika. "Kwa hiyo barafu ya samaki ni lazima. Ikishavuka kizingiti changu, inakwenda kufanya nini sijui, wala usiniulize."

Mkono unazungushwa na foleni. Kila anayesubiri anazungusha mara thelathini na kumwachia wa nyuma. Dobi mmoja alikataa kuachia, akasema anaenda mia. Walimwacha afike sabini na nne, akashika bega.

Ndoo ya kwanza ilinuka samaki. Mdogo wangu alionja, akawauliza kama aimwage.

"Thubutu," alisema mshonaji. "Tumeizungusha sisi."

Waliimaliza. Watu ishirini na sita, koni kumi na moja. Ndoo ya pili alisuuza barafu kwanza.


Alhamisi, 13 Februari

Nyuzi thelathini na saba. Nimezungusha mara thelathini. Kiganja kina lengelenge.


Ijumaa, 21 Februari

Afisa amekuja.

Aliingia saa moja na robo asubuhi, peke yake, bila faili. Nilidhani amekuja kulibeba pipa, na mdogo wangu alidhani hivyo pia, kwa sababu alisogea akalikinga. Afisa alitazama pipa, akatazama kanyagio la baiskeli.

"Hiki hakitumii umeme," alisema.

"Kinatumia watu," alisema mdogo wangu.

Afisa alivua koti la suti na kusimama nyuma ya muuguzi. Zamu yake ilipofika alizungusha mara thelathini. Mwalimu alimhesabia kwa sauti na kumrudisha kutoka ishirini na mbili hadi ishirini kwa kudai mbili zilikuwa legevu. Alinunua koni moja. Nafasi iliyokuwa wazi kwenye benchi ilikuwa karibu na Mama.

"Kumbe ni wewe," Mama alimwambia.

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Kula, inayeyuka."

Alikula vizuri kwa muda. Kisha, nadhani kwa kutaka kujieleza, akaanza: "Mnanilaumu, lakini mngejua mafuta ya transfoma sasa hivi yanauzwa kwa..."

Benchi lote lilimgeukia. Mama alinyoosha kidole kwenye ubao.

Afisa aliusoma, na nikamwona anausoma mara ya pili. Alisimama. Mshonaji akakaa. Afisa aliimalizia koni yake amesimama penye mlango, hadi ncha, akafuta vidole kwa leso.

Nilimfuata nje, nikamwambia mimi ndiye niliyeandika ile aya, kwamba duka ni la mdogo wangu, na kwamba hesabu ilikuwa ya watu, si ya koni. Nilimsomea Ijumaa zangu zote kutoka kwenye daftari.

Alisikiliza hadi mwisho. "Transfoma ya upande huu haibebi," alisema. "Niliambiwa nilete majina kumi. Siku mbili nilikaa nayo tisa. Jumamosi nikafungua gazeti."

"Kwa hiyo ungeandika chochote."

"Ningeandika chochote. Wewe ukaniletea hiki, kimehesabiwa kabisa."

Wiki zote hizi nimemchukulia kuwa mtu asiyependa watu. Ni mtu aliyekosa jina moja. Hilo halimpunguzii kosa, na halinipunguzii langu. Alisema mstari alioandika mwenyewe hawezi kuufuta mwenyewe, ila kamati ya leseni inaweza, ikipata rufaa na ushahidi uliochapishwa. Kisha akauliza kama Ijumaa ijayo kutakuwa na vanila.

"Uliza ndani," nilimwambia.


Jumatatu, 24 Februari

Mhariri amekataa tena sahihisho. Hakunisogezea chai.


Jumamosi, 8 Machi

Barua yangu imetoka leo, ukurasa wa kumi na tatu, safu ya barua za wasomaji, kati ya mtu anayelalamikia mtaro na mtu anayewatafutia paka makao. Niliipeleka kwa posta, yenye stempu, kama msomaji yeyote. Safu hiyo haipiti mezani kwa mhariri. Nalijua hilo kwa sababu utaratibu niliuweka mimi. Inasema:

"Gazeti hili lilichapisha kwamba watu arobaini na mmoja walipanga foleni ya aiskrimu kwa saa moja. Ni kweli. Halikusema kwamba watu hao walinunua koni zisizozidi kumi na saba na kuzigawana kwa vijiko. Tangu hapo nimehesabu nikiwa ndani ya duka kila Ijumaa lilipokuwa wazi. Sijaona siku ambayo koni zimefika nusu ya watu. Mwenye duka ni ndugu yangu. Aliyeandika habari ya kwanza ni mimi, na aliyehesabu vibaya ni mimi."

Jina na anwani zipo chini.


Jumatatu, 10 Machi

Mhariri aliniita. Ukurasa wa kumi na tatu ulikuwa mezani kwake.

"Umepita mlango wa nyuma," alisema.

"Una stempu mlango huo. Kuna kosa ndani ya barua?"

Aliisoma tena yote, kwa kalamu. "Hakuna."

"Basi tusahihishe nini?"

Hakucheka, lakini hakunifukuza. Mchana nilikata barua, nikaibandika kwenye rufaa ya mdogo wangu, nikaipeleka baraza. Karani aligonga mhuri saa nane na dakika kumi.


Jumatano, 12 Machi

Mvua imeanza saa kumi alfajiri na haijakoma. Joto limeshuka kwa nyuzi kumi na moja kwa siku moja. Nilimwambia mdogo wangu huu ndio mwisho wa msimu wowote wa aiskrimu, orodha iwepo isiwepo.

Akajaza chumvi.

Walikuja watu ishirini na wawili, wenye miavuli, na waliokosa miavuli wakavaa mifuko ya mbolea. Koni tisa. Waliokosa nafasi ndani walisimama nje chini ya mabati, wakitetemeka na kulamba. Dobi alisema leo angalau haiyeyuki.

Nilimwuliza muuguzi, kwa daftari, kwa nini yuko hapa kwenye mvua. Nilitaka jibu la kuchapisha.

"Andika hivi," alisema. "Kila kitu nimeshapunguza. Nilipoambiwa na hiki, nikaona sasa wananipunguza mimi."

Nimeliandika. Sidhani kama nina la kuongeza.


Ijumaa, 14 Machi

Mvua. Watu thelathini na mmoja, koni kumi na tatu. Afisa alikuja, akazungusha thelathini bila kuhesabiwa, akakaa, akazungumza na Mama kuhusu goti lake hadi mwisho wa koni. Hakusimamishwa.


Jumanne, 18 Machi

Wito umefika. Kamati ya leseni itasikiliza rufaa Alhamisi tarehe 27. Ni siku nne kabla ya leseni kwisha. Wakikataa, duka linafungwa na hakuna kikao kingine hadi Septemba. Wito unamtaka mdogo wangu aje na vithibitisho. Chini kabisa kuna sentensi moja kwa herufi ndogo: "Wananchi wanaruhusiwa kuhudhuria wakiwa wamesimama, kwa kuwa chumba hakina viti vya kutosha."

Mama alitaka nimsomee hiyo ya mwisho mara mbili.


Ijumaa, 21 Machi

Wito ulipita mkono kwa mkono kwenye foleni. Mwalimu alisema ana mahali pa kuazima fomu za shule, yale mabenchi marefu ya darasani. Mshonaji alisema hahitaji fomu za mtu.

"Benchi letu lina miguu minne," alisema. "Halijawahi kutumwa popote."

Mdogo wangu alilipima kwa kamba. Nilikwenda baraza alasiri nikapima mlango wa chumba namba sita. Litaingia, kwa ubavu.


Jumatano, 26 Machi

Kila kitu kiko tayari. Daftari langu lina Ijumaa kumi, kurasa zimepewa namba. Barua iliyochapishwa iko ndani ya bahasha. Muuza samaki ametoa barafu bila kuuliza, na pipa litazungushwa hapa dukani alfajiri, kisha libebwe pamoja na benchi, ili kamati ione kwa macho koni moja inaliwaje na watu wanne. Afisa ametuma salamu kwamba atakuwepo na ataulizwa maswali. Hakusema atajibu nini, nami sikumwuliza.

Dobi wawili watabeba benchi mbele, mwalimu na mdogo wangu nyuma. Kikaoni Mama ataketi, pamoja na muuguzi, mshonaji, mzee wa saa, na wawili watakaowahi. Leo jioni mdogo wangu aliung'oa ubao ukutani, akaupigilia misumari kwenye mgongo wa benchi, juu ya vichwa vya watakaoketi, maandishi yakitazama mbele, upande watakaokaa wajumbe.

"Kamati itazungumzia bei," nilimwambia. "Ndiyo kazi yao."

"Najua," alisema, akagonga msumari wa mwisho. "Watasimama."

Kikao ni kesho, Alhamisi, saa tatu asubuhi, chumba namba sita. Benchi linatoka hapa saa mbili kasorobo.